Wasomaji Wanauliza: Vitabu vya Watoto vya Zamani Vinapoandikwa Upya

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zinahusu jambo moja, nalo ni vitabu maarufu vya watoto vya miaka ya nyuma ambavyo wachapishaji wanavitoa upya vikiwa vimebadilishwa maneno, vimepunguzwa sentensi au vimeondolewa michoro, ili visimkwaze msomaji wa leo. Nimechagua barua saba. Nimezifupisha bila kugeuza maana, jambo ambalo, nikizingatia mada yenyewe, naona ni vyema nilitaje mapema.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwenzangu kazini anashikilia kwamba vitabu vya Roald Dahl, yule mwandishi Mwingereza wa hadithi za watoto, vimeandikwa upya, nami nilidhani ni uvumi tu. Kilichobadilishwa ni nini hasa, na ni nani aliyeamua? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mwenzako amesema kweli, mama. Mwezi Februari 2023 gazeti la The Daily Telegraph la Uingereza lililinganisha matoleo ya zamani na mapya ya vitabu hivyo, likakuta mamia ya mabadiliko. Waliofanya kazi hiyo ni mchapishaji Puffin pamoja na Roald Dahl Story Company, kampuni inayomiliki haki za maandishi ya Dahl, wakishirikiana na Inclusive Minds, kundi linaloshughulikia namna watu wa kila aina wanavyoonyeshwa katika vitabu vya watoto. Mapitio yalianza mwaka 2020, kabla Netflix haijainunua kampuni hiyo mwaka 2021. Dahl alifariki mwaka 1990, kwa hiyo hakukuwa na wa kumuuliza.

Mengi ya mabadiliko hayo ni madogo. Augustus Gloop, yule mtoto mlafi wa Charlie and the Chocolate Factory, ameondolewa neno la unene na kubaki mkubwa kupindukia. Akina Oompa-Loompa, wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti katika kitabu hicho, waliokuwa wanaume wadogo, wamekuwa watu wadogo. Bi. Twit wa kitabu cha The Twits amevuliwa ubaya wa sura na kuachiwa ubaya wa tabia. Matilda, msichana mpenda vitabu, zamani alifika India kwa kumsoma Rudyard Kipling, na sasa anafika California kwa kumsoma John Steinbeck. Mtu anaweza kuyapenda haya au kuyachukia bila kukosa usingizi.

Kilichonikera mimi ni mahali pamoja katika The Witches. Bibi anamweleza mjukuu wake kwamba wachawi wana vipara na huvificha kwa mawigi, na mtoto anapata wazo la kuwavuta nywele wanawake anaokutana nao ili ahakikishe. Katika maandishi ya Dahl, bibi anamkemea asiwe mjinga, kwani hawezi kuzunguka akivuta nywele za akina mama wa watu, na kama habanduki kwenye wazo hilo basi ajaribu aone yatakayompata. Katika toleo jipya bibi anamwambia kwamba zipo sababu nyingine nyingi za mwanamke kuvaa wigi, na kwamba hakuna ubaya wowote katika hilo. Kauli hiyo ya pili ni ya kweli na ya heshima, na katika mazungumzo ya kawaida ningeitamka mwenyewe bila kusita. Tatizo ni kwamba si kauli ya yule bibi. Bibi wa Dahl anavuta sigara nene, ana mzaha na ukali, na mtoto anamwamini kwa sababu hizohizo. Bibi mpya anaongea kama kijitabu cha semina. Hapo hapakuondolewa tusi, maana tusi halikuwapo. Kilichoondolewa ni kichekesho, na badala yake pakatiwa somo lililoandikwa na mtu ambaye jina lake halimo kwenye jalada.

Mwandishi Salman Rushdie aliuita uhariri huo udhibiti wa kipuuzi, na mchapishaji Gallimard wa Ufaransa akasema hana mpango wa kubadilisha tafsiri zake. Tarehe 24 Februari Puffin ikatangaza kwamba itachapisha pia vitabu 17 vya Dahl vikiwa na maneno yake ya awali, sambamba na vile vilivyorekebishwa. Kwa hiyo mnunuzi ana hiari, mradi ajue kuna vitu viwili.

SWALI: Mhariri, nilifundisha shule za msingi kwa miaka mingi, na sikumbuki mtu kugusa kitabu cha mwenziwe. Ugonjwa huu umeanza lini? (Mwalimu mstaafu)

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kwa heshima zote, ugonjwa huu ni wa zamani kutuzidi sote. Mwaka 1807 ilitoka Uingereza The Family Shakespeare, tamthilia za Shakespeare zilizopunguzwa ili baba aweze kuzisoma mbele ya mkewe na wanawe bila kuona haya. Kazi kubwa ya toleo hilo la kwanza iliifanya Henrietta Bowdler. Toleo kamili lililotoka mwaka 1818 lilibeba jina la kaka yake, Thomas, kwa sababu haikudhaniwa kuwa mwanamke mwenye staha angeweza kuyaelewa mambo aliyokuwa akiyafuta.

Lakini mfano ulio karibu zaidi na darasa lako ni wa ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm. Mkusanyo wao wa ngano ulianza kutoka mwaka 1812, na toleo la saba, ambalo ndilo linalosomwa na wengi hadi leo, lilitoka mwaka 1857. Katikati ya miaka hiyo hawakuacha kurekebisha. Mama yake Snow White, aliyetaka kumuua binti yake mwenyewe, aligeuzwa mama wa kambo mwaka 1819. Mama yake Hansel na Gretel naye akawa wa kambo mwaka 1840, ili hadhi ya mama mzazi isiguswe. Rapunzel, msichana aliyefungiwa mnarani, katika toleo la kwanza alimuuliza mlezi wake kwa nini nguo zimeanza kumbana, na msomaji mzima akaelewa kwamba mwana wa mfalme alikuwa akipanda mnarani kwa sababu zake. Wasomaji walilalamika, na katika matoleo ya baadaye Rapunzel anajiponza kwa njia nyingine: anamuuliza mlezi kwa nini yeye ni mzito kumvuta juu kuliko yule kijana. Jambo la ajabu ni kwamba wahariri hao waliofuta mimba waliongeza damu. Wale njiwa wanaowadonoa macho dada wa kambo wa Cinderella hawakuwamo mwaka 1812. Waliingizwa mwaka 1819. Hiyo ndiyo iliyokuwa staha ya wakati wao: mtoto asisikie habari za mimba, ila aone wadhambi wakipofuliwa.

Hata waandishi wa karne ya 20 walijirekebisha wenyewe. Dahl aliwaandika Oompa-Loompa mwaka 1964 kama mbilikimo kutoka misitu ya Afrika walioletwa kiwandani ndani ya masanduku, na baada ya lawama nyingi nchini Marekani akawafanya watu wa nchi ya kubuni katika toleo la mwaka 1973. P. L. Travers aliibadilisha mara mbili sura moja ya Mary Poppins ambamo watoto wanazunguka pembe nne za dunia: mwaka 1967 aligusa lugha, na mwaka 1981 akawaondoa kabisa watu waliochorwa kwa dhihaka, akaweka wanyama. Hawa siwezi kuwaweka kapu moja na kampuni ya warithi. Mwandishi aliye hai anayerudi kwenye sentensi yake na kuiona aibu ana haki kamili ya kuifuta, na kama ameikosea zaidi, lawama inajua mlango wa kugonga.

SWALI: Mimi ni Mwafrika, na ninasoma fasihi chuoni. Inanichosha kusikia watu wakilia juu ya maneno ya waandishi waliotudhalilisha. Vitabu vinavyotuita washenzi visafishwe, au vifutwe kabisa. Kwa nini tuvitetee? (Mwanafunzi)

JIBU: Mdogo wangu, sikuombi uvitetee. Nakuomba tu uangalie, kabla ya kushangilia usafishaji, ni nani hasa anayesafishwa.

Chukua Tintin huko Kongo, katuni ya Mbelgiji Hergé iliyotoka gazetini kuanzia mwaka 1930 na kuwa kitabu mwaka 1931, wakati Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji. Ndani yake kuna tukio la darasani ambapo Tintin, kijana wa Kizungu aliyefika safarini, anasimama mbele ya watoto wa Kikongo na kuwaambia kwamba leo atawafundisha habari za nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alikichora upya kitabu hicho kwa rangi, na somo lile likageuka kuwa la hesabu: mbili jumlisha mbili. Ubelgiji imetoweka ubaoni. Watoto, hata hivyo, bado wamekaa walipokuwa wamekaa, midomo ile minene ya kuchorwa bado ipo, na mgeni asiye mwalimu bado ndiye mwenye kujua. Toleo la 1931 lilisema wazi kinachoendelea. La 1946 linakificha, na kwa maoni yangu ni hilo la pili linalomdanganya mtoto zaidi. Mkongo aliyekuwa akiishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikwenda mahakamani kutaka kitabu kizuiwe au angalau kiwekewe maelezo, na mwaka 2012 akashindwa. Ombi lake hilo la pili lilikuwa la busara kuliko hukumu, kwani toleo lililotoka mwaka 2023 lina dibaji inayoeleza mazingira ya kikoloni ya kitabu hicho.

Mfano mwingine ni Doctor Dolittle, kitabu cha Hugh Lofting cha mwaka 1920. Humo mna mwana wa mfalme wa Kiafrika, Bumpo, anayetamani ageuzwe mweupe ili apendwe na binti wa hadithi aliyemsoma kitabuni. Toleo la mwaka 1988 liliondoa kisa hicho. Hapa siwalaumu sana wahariri, maana mtoto wa miaka saba hana silaha ya kujikinga na sumu ya namna hiyo. Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kilichobaki ndicho alichokiandika Lofting, au kwamba kitabu kimepona: daktari bado anafika Afrika kama mkombozi, na Waafrika bado wako pale ili apate wa kumkwamisha na wa kumsaidia.

Kwa hiyo napambanua hivi. Pale tusi linapokuwa limebandikwa tu, na hadithi haitikisiki likibanduliwa, sioni hasara. Warithi wa Astrid Lindgren walipoafiki mwaka 2015 kwamba baba yake Pippi, msichana wa hadithi zake, aliyekuwa ameitwa mfalme wa watu weusi kwa neno la dharau, aitwe mfalme wa Bahari ya Kusini, hakuna mtoto wa Sweden aliyepoteza chochote. Lakini pale tusi linapokuwa ndio mfupa wa hadithi, kulibandua ni kupaka chokaa. Na pale linapokuwa ndiyo hoja ya mwandishi, kulibandua ni kumfunga mdomo. Mwaka 2011 ilitoka Marekani nakala ya Huckleberry Finn, kazi ya Mark Twain, ambamo neno la kuwatukana Weusi, linalotokea zaidi ya mara 200, lilibadilishwa kuwa "mtumwa". Sasa kumbuka sura ya 6, baba yake Huck, mlevi asiyejua kusoma, anavyofoka juu ya mtu Mweusi kutoka Ohio, mtu huru, msomi, profesa anayejua lugha nyingi na mwenye haki ya kupiga kura kwao. Ukali wote wa ukurasa ule unatokana na jambo moja: mlevi anamtukana mtu huru aliyemzidi kwa kila kitu, na tusi ndiyo mali pekee aliyobaki nayo. Neno "mtumwa" haliwezi kumweleza profesa yule, kwa kuwa hakuwa mtumwa wa mtu.

Umesema pia vifutwe. Kuacha kuchapisha ni jambo ninaloliheshimu kuliko unavyodhani. Machi 2021 kampuni ya Dr. Seuss Enterprises ilitangaza kwamba haitachapisha tena vitabu 6 vya Dr. Seuss, kikiwemo kitabu chake cha kwanza cha watoto cha mwaka 1937, kwa sababu ya michoro inayowadhalilisha watu wa mataifa mengine. Haikumwekea marehemu kauli asiyoitamka. Ilisema hadharani inachofanya na sababu yake, ikaviacha vilivyokwisha kuchapishwa vibaki kwenye maktaba na majumbani. Naye mwandishi Philip Pullman, wakati wa zogo la Dahl, alishauri vitabu hivyo viachwe vitoke sokoni taratibu na watoto wasome waandishi wengine waliopo. Hakuna kitabu kinachodai watoto wa kila kizazi kipya kama deni.

Ninachokikataa ni kile cha katikati, cha kuendelea kukiuza kitabu kwa jina lilelile na faida ileile huku ushahidi ukiondolewa kimyakimya. Wewe utakapotaka kumwonyesha mwanao namna Ulaya ilivyomfundisha mtoto wake kumtazama Mwafrika, utahitaji ukurasa ule kama ulivyokuwa. Ukiwa umeshasafishwa kila mahali, utaambiwa unazua.

SWALI: Ninapomsomea binti yangu wa miaka mitano kabla ya kulala, nikifika penye neno baya hulibadilisha papo hapo. Je, nami ni mdhibiti? (Baba)

JIBU: Hapana, baba. Wewe unamjua mtoto huyo, uko naye chumbani, na akikua atakichukua kitabu rafuni na kukuuliza kwa nini ulimdanganya. Mhariri wa mbali hana hata moja kati ya mambo hayo matatu.

SWALI: Ninauza vitabu. Je, kuvifanya vitabu vya zamani viwe vya kisasa huongeza wanunuzi? (Muuza vitabu)

JIBU: Si lazima. Mwaka 2010 mchapishaji Hodder wa Uingereza alizipa hadithi za The Famous Five za Enid Blyton lugha ya kisasa, akiamini kwamba msamiati wa miaka ya 1940 unawafukuza watoto. Mwaka 2016 alikiri kwamba wasomaji hawakuyapokea marekebisho hayo, akarudi kwenye maandishi ya mwanzo. Hayo, lakini, yalikuwa mambo ya mtindo wa maneno. Vile vinyago vyeusi vya dhihaka vilivyokuwa katika hadithi za Noddy, za mwandishi huyohuyo, viliondolewa zamani, na sijasikia mteja anayevidai.

SWALI: Mimi ni mwandishi chipukizi. Sheria inasemaje? Nikifa, wanangu wanaweza kuniandikia upya? (Mwandishi)

JIBU: Inategemea sheria ya nchi na karatasi utakazotia sahihi. Mkataba wa Berne, ambao nchi nyingi duniani ni wanachama wake, unatenganisha haki za kiuchumi, ambazo unaweza kuziuza au kuzirithisha, na haki za kimaadili, ambazo zinakuruhusu kupinga kazi yako isipotoshwe kwa namna inayoharibu heshima yako. Haki hizi za pili ziliingizwa katika mkataba huo mwaka 1928. Uingereza huzilinda kwa muda uleule wa hakimiliki, yaani miaka 70 baada ya kifo. Kwa vitabu vya Dahl muda huo unakwisha mwishoni mwa mwaka 2060. Ufaransa haziweki ukomo kabisa.

Tatizo, kama umeliona, ni kwamba ukishafariki haki ya kulalamika humwangukia mrithi wako, na pengine mrithi huyohuyo ndiye aliyeidhinisha marekebisho. Hakuna mtu anayejishtaki. Kwa hiyo, kama jambo hili linakukera, liandike katika wosia na katika mkataba na mchapishaji ungali hai: ni nini kinaweza kuguswa, kwa idhini ya nani, na kwa sharti kwamba jalada liseme kuwa kazi imerekebishwa. Muda wa hakimiliki ukiisha, kazi ni ya umma, na yeyote anaweza kuisimulia upya, kama wengi walivyozisimulia ngano za akina Grimm. Hilo mimi nalipenda. Anayesimulia upya huweka jina lake mwenyewe, akasifiwa au akazomewa kwa jina hilo.

SWALI: Nitajuaje kama kitabu nilichokishika dukani ni cha awali au kimerekebishwa? (Msomaji)

JIBU: Usitazame jalada, kwani mara nyingi halisemi lolote. Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wenye maandishi madogo baada ya ukurasa wa jina la kitabu. Tafuta mwaka wa kwanza wa kuchapishwa, kisha mwaka wa toleo ulilonalo, na maneno yoyote yanayotaja kurekebishwa, kupitiwa upya au kufupishwa. Katika vitabu vya Dahl vilivyorekebishwa, Puffin iliweka hapo maelezo mafupi kwamba kitabu kiliandikwa miaka mingi iliyopita na kwamba lugha yake hupitiwa mara kwa mara ili kila mtu aendelee kukifurahia. Ni maelezo ya kweli, ila yamewekwa mahali ambapo mzazi mwenye haraka hapatazami, wala hayasemi ni sentensi zipi zilizoguswa.

Kwa kitabu cha kielektroniki uangalifu unatakiwa uwe mkubwa zaidi. Mwaka 2023 gazeti la The Times liliripoti kwamba watu waliokuwa wamekwisha kununua vitabu vya Dahl vya aina hiyo walikuta maandishi yamebadilishwa ndani ya vifaa vyao bila wao kuombwa ruhusa. Kama kifaa chako kina sehemu ya kuruhusu vitabu vijisasishe vyenyewe, izime. Na kama unataka maneno ya toleo fulani kwa ajili ya utafiti au kwa mapenzi tu, nunua ya karatasi, hata iwe imetumika, baada ya kuuangalia mwaka wake.